Testeri ya kebo: kwa nini taa nane za kijani hazitoshi kuhakikisha intaneti itapita

Katika maofisi, mashule, vituo vya afya na sibakafe za Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, kazi ya kuvuta kebo za intaneti inamalizika karibu kila mara namna moja. Fundi anachomeka boksi moja kwenye mwisho wa kebo huku, lingine kule, anawasha, na taa ndogo zinaanza kukimbia: moja, mbili, tatu, mpaka nane. Mwenye jengo anaona kijani, anaridhika, anatoa pesa.

Siku chache baadaye anagundua kwamba kompyuta moja inapata mtandao vizuri na ya chumba cha pili inakatika-katika, ao kamera ya mlangoni inazimika bila sababu. Fundi anaitwa tena, anapima, taa zote zinawaka. "Kebo ni nzima," anasema. "Lakini haifanye kazi," anajibiwa. Ubishi unaanza, na mara nyingi mteja ndiye anayelipa mara ya pili.

Katika ubishi wa namna hiyo, wote wawili wanaweza kuwa na haki. Kile kifaa kidogo, ambacho mafundi wanakiita testeri kwa kufuata Kifaransa, hakidanganye. Shida ni kwamba kinajibu swali moja tu. Mtu akielewa namna umeme unavyozunguka ndani yake, ataelewa pia ni maswali gani kisiyoweza kuyajibu hata kidogo.

Boksi mbili, beteri moja

Testeri ya kawaida, ile inayouzwa kwa dola chache katika maduka ya vifaa vya kompyuta, ina boksi mbili za plastiki. Boksi kubwa lina beteri ya mraba ya volti 9, kitufe cha kuwasha, na tundu la kuingizia kichwa cha kebo aina ya RJ45. Boksi dogo lina tundu kama hilo, lakini halina beteri. Kila boksi lina taa zenye namba 1 mpaka 8, na mara nyingi ya tisa yenye herufi G.

Namba hizo nane ni nyaya nane zilizo ndani ya kebo. Herufi G ni ile karatasi ao wavu wa chuma unaozunguka nyaya katika kebo zenye kinga. Kebo nyingi za ndani ya nyumba hazina kinga hiyo, kwa hiyo taa ya G kutowaka kwenye kebo kama hizo si kosa. Wateja wengi wanatishika bure wakiona taa moja imebaki giza.

Katika modeli nyingi, kitufe kina nafasi mbili za kazi: ON, taa zinakimbia haraka, na S, zinakwenda polepole. Nafasi ya polepole ndiyo yenye faida zaidi, kwa sababu jicho linapata muda wa kulinganisha taa za huku na za kule.

Moja anapiga mapigo, mwingine anahesabu

Ndani ya boksi kubwa kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa mapigo ya umeme, moja baada ya lingine, kama moyo. Ya pili ni kuhesabu mapigo hayo na kuwasha mstari mmoja kwa kila pigo.

Katika mchoro unaojulikana zaidi, kazi ya kwanza inafanywa na chipu inayoitwa 555. Ilichorwa mwaka 1971 na mhandisi Hans Camenzind kwa ajili ya kampuni ya Marekani Signetics, na mpaka leo inatengenezwa kwa wingi. Pembeni yake kuna rezistansi na kondensateri. Kondensateri inajaa umeme kidogo kidogo kupitia rezistansi, kama ndoo iliyowekwa chini ya robine isiyofunguliwa sana. Chipu inachunguza kiasi cha umeme ndani ya ndoo hiyo. Kikifika theluthi mbili za volti za beteri, inafungua njia umeme umwagike. Kikishuka mpaka theluthi moja, inafunga, na ndoo inaanza kujaa tena. Kila mzunguko ni pigo moja. Ukiongeza rezistansi, ni sawa na kupunguza robine: ndoo inachelewa kujaa, mapigo yanakuwa ya polepole. Nafasi ya S inaweza kufanya kazi kwa njia hiyo.

Kazi ya pili inafanywa na chipu ya 4017. Hii ina milango kumi ya kutolea umeme, lakini kwa wakati wowote mlango mmoja tu ndio unakuwa juu, yaani una volti, na tisa zingine zinabaki chini, yaani kwenye sifuri. Kila pigo likifika, zamu inahamia mlango unaofuata. Milango minane inaunganishwa na nyaya nane, wa tisa na G, na wa kumi unarudishwa ndani ya chipu yenyewe ili kuiamuru ianze upya tangu moja.

Kuna testeri ambamo chipu moja ndogo iliyowekewa programu inafanya kazi zote mbili. Lakini wazo linabaki lile lile: waya mmoja unapewa umeme, zingine zinangojea zamu yao.

Umeme unarudi njia gani?

Hapa ndipo penye akili ya kifaa hiki. Kila mwanafunzi aliyewahi kuwasha taa ya tochi kwa waya na beteri anajua kwamba umeme hauendi kama hauna njia ya kurudi. Boksi dogo limewekwa mwisho wa kebo, pengine ghorofa ya tatu, na halina beteri. Waya namba 3 ukipewa umeme, umeme huo ukawasha taa namba 3 kule mbali, utarudi wapi?

Jibu ni kwamba unarudi kupitia nyaya zingine. Wakati mlango wa 3 uko juu, milango mingine yote iko chini, na mlango ulio chini unaweza kupokea umeme. Ndani ya boksi dogo, taa zote zimeunganishwa pamoja upande mmoja. Umeme unatoka kwenye boksi kubwa, unapita taa ya 3 ya hapo, unasafiri kwenye waya wa 3, unawasha taa ya 3 ya boksi dogo, unafika kwenye ile sehemu ya pamoja, halafu unagawanyika na kurudi nyumbani kwa njia ya nyaya zote zilizobaki.

Lakini taa ya LED inapitisha umeme upande mmoja tu, kama mlango unaofunguka kwa ndani. Ili umeme wa kurudi upate njia, pembeni ya kila taa kumewekwa diodi moja ya kawaida iliyogeuzwa upande wa pili. Umeme wa kwenda unapita kwenye taa, wa kurudi unapita kwenye diodi.

Hesabu yake si ngumu. Taa ndogo ya kijani inakula karibu volti 2, na ziko mbili njiani. Diodi moja inakula karibu volti 0.7, nazo ziko mbili wakati wa kurudi. Jumla ni karibu volti 5.4. Beteri ina 9. Zinazobaki zinapotea katika chipu na rezistansi zinazozuia taa zisiungue. Ndiyo maana kifaa hiki kinahitaji beteri ya volti 9 na hakiwezi kwenda na jiwe moja la redio.

Kutokana na mchoro huo, kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kebo yenye waya mmoja tu uliofika haiwashi taa yoyote, hata ya ule waya mzima, kwa sababu hakuna njia ya kurudi. Testeri ikibaki giza kabisa, fundi asikimbilie kusema kwamba nyaya zote nane zimekatika. Huenda ni moja tu iliyobaki nzima, ao ni beteri iliyokufa. Njia ya kujua ni kuwa na kebo fupi ambayo ni nzima kwa hakika, kuichomeka kwenye boksi zote mbili, na kuhakikisha kwanza kwamba kifaa chenyewe ni kizima.

Kuzisoma taa

Mtu aliyefuata njia ya umeme mpaka hapa anaweza kusoma makosa bila kukariri kitabu.

Waya ukikatika, umeme hauna njia. Katika testeri zenye mchoro huu, taa ya namba hiyo inabaki giza pande zote mbili. Kuna modeli zingine ambamo taa ya boksi kubwa inawaka hata hivyo na ya boksi dogo inabaki giza. Maana ni moja: waya huo haufiki.

Nyaya zikichanganywa, taa zote zinawaka lakini kwa mpangilio tofauti. Boksi kubwa linasema 1, 2, 3, 4, na boksi dogo linajibu 1, 4, 3, 2. Hapo waya wa 2 na wa 4 zimebadilishana nafasi. Kama boksi dogo linajibu 3, 6, 1, 4, 5, 2, 7, 8, hiyo ni kebo iliyofungwa kwa mpangilio A upande mmoja na mpangilio B upande mwingine. Zamani ilitumiwa kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja. Vifaa vingi vya leo vinajirekebisha vyenyewe na kuikubali.

Nyaya mbili zikigusana, umeme unaona njia fupi. Unapita taa ya boksi kubwa, unafika mahali nyaya zinapogusana, unarudi mara moja kwa waya wa pili bila kufika kwenye taa ya boksi dogo. Kwa hiyo kwenye boksi kubwa taa zinawaka kama kawaida, kwenye boksi dogo namba hizo mbili zinabaki giza. Mara nyingi kosa liko kwenye kichwa, pale pensi ilipobana vibaya, ao pale msumari ulipopigwa juu ya kebo.

Na kama taa zote zinawaka kwa unyonge, wa kwanza kushukiwa ni beteri.

Kosa ambalo taa haziwezi kuliona

Sasa linakuja lile kosa linalozalisha ubishi. Ndani ya kebo, nyaya nane hazikai ovyo. Zimesokotwa mbili mbili: machungwa na mwenzake mwenye weupe, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Usokotaji huo si urembo. Alexander Graham Bell, anayejulikana kwa kazi yake juu ya simu, alipata hataza ya nyaya zilizosokotwa mwaka 1881. Sababu ni kwamba kelele za umeme zinazotoka nje, kwa mfano kwenye waya wa stima ao jenereta, zinazigusa nyaya mbili zilizosokotwa karibu sawasawa. Kifaa kinachopokea kinasoma tofauti kati ya nyaya hizo mbili, na kelele iliyo sawa pande zote inajifuta yenyewe.

Kwenye kichwa cha RJ45, jozi hizo zina nafasi zilizowekwa: 1 na 2, 3 na 6, 4 na 5, 7 na 8. Jozi ya 3 na 6 ndiyo inayowapotosha wanaoanza kazi, kwa sababu inaruka juu ya jozi ya 4 na 5. Mpangilio huo umetokana na simu, ambazo zilikuwa zinatumia nyaya za katikati.

Fundi asiyejua anapanga rangi jinsi zinavyokaa ndani ya kebo: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Anafanya hivyo hivyo upande wa pili. Anapima, na taa zinakwenda 1 mpaka 8 bila kosa, kwa sababu kila waya umefika mahali pake. Lakini nafasi ya 3 imepewa waya wa jozi ya kijani na nafasi ya 6 waya wa jozi ya bluu. Nyaya mbili zinazopaswa kubeba ujumbe mmoja hazijasokotwa pamoja. Kila moja imesokotwa na mgeni, na inamnong'onezea mgeni huyo mambo yasiyomhusu.

Mpangilio wa B unaotumika sana ni huu: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Hapo kijani na mwenzake wako kwenye 3 na 6, bluu na mwenzake kwenye 4 na 5. Macho ya mtu anayejua rangi yanagundua kosa hili katika sekunde mbili. Testeri ya taa haitaligundua hata ikiachwa imewashwa siku nzima.

Tena, hata rangi zikipangwa vizuri, kusokotwa kunaweza kuharibiwa kwenye kichwa. Kwa kebo za daraja la 5 na 5e, kanuni inaomba nyaya zisifunguliwe zaidi ya milimita 13 kabla ya kuingia kwenye kichwa. Fundi anayefungua sentimita tano ili apate urahisi wa kuzinyoosha anaharibu kazi ambayo kiwanda kilifanya.

Mwendo wa kobe na mwendo wa risasi

Kwa nini testeri haioni hayo? Kwa sababu inafanya kazi polepole mno. Taa zake zinabadilika mara chache tu kwa sekunde. Kwa mwendo huo, umeme haujali kama waya umesokotwa na nani. Unapita tu.

Mtandao ni dunia nyingine. Katika mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, ambao kanuni yake ilitoka mwaka 1995, hali ya umeme kwenye jozi inaweza kubadilika mara milioni 125 kwa sekunde. Mtandao wa gigabiti moja, wa kanuni ya mwaka 1999, unatumia mwendo huo huo kwenye jozi zote nne kwa pamoja, kwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Kwa mwendo kama huo, kila sentimita ya waya usiosokotwa inakuwa kama antena.

Hapo panaeleweka pia kwa nini kebo moja inafanya kazi na kompyuta ya zamani na kukataa kompyuta mpya. Megabiti 100 zinahitaji nyaya nne tu: 1, 2, 3 na 6. Waya wa 4 ao wa 7 ukikatika, kompyuta ya zamani haitajua lolote. Gigabiti inahitaji nyaya zote nane. Ukikosekana mmoja, vifaa vingine vinashuka mpaka megabiti 100, vingine havipati mtandao kabisa.

Na urefu? Kanuni inaruhusu meta 100 kwa kebo ya shaba, kuanzia swichi mpaka kompyuta. Lakini kwa testeri, meta 100 na meta 200 ni karibu sawa. Waya wa shaba wa kipimo cha kawaida una ukinzani wa karibu omu 8.4 kwa kila meta 100. Kwa umeme wa miliampere 5, ambao unatosha kuwasha taa, meta hizo zinakula volti 0.04 tu. Hata kichwa kilichopata kutu, chenye mguso mbaya wa omu 100, kitakula nusu volti tu, na taa itaendelea kuwaka.

Shaba isiyo shaba

Hesabu hiyo ndiyo inafungua mlango wa udanganyifu unaowagharimu wateja. Sokoni kuna kebo ambazo nyaya zake ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Ukikata, unaona rangi nyekundu na kufikiri umenunua shaba. Kwenye boksi lake mara nyingi kumeandikwa herufi CCA. Kanuni za kimataifa za kebo za mtandao haziikubali, kwa sababu zinaomba shaba yenyewe.

Aluminiamu inapinga umeme karibu mara moja na nusu kuliko shaba, na inavunjika kwa haraka ikikunjwa mara nyingi. Testeri ya taa haitatofautisha hizo mbili: zote zinawaka kijani. Ni jambo la kusikitisha katika inchi ambayo ni ya pili duniani kwa kuchimba shaba, nyuma ya Chile, kwamba mwenye sibakafe wa Kivu anaweza kulipa bei ya shaba na kuondoka na aluminiamu, huku madini ya Kolwezi na Likasi yakienda mbali.

Kuna njia mbili rahisi za kujikinga. Ya kwanza ni kisu: kwangua waya mmoja. Shaba inabaki nyekundu mpaka ndani, aluminiamu inatokea nyeupe. Ya pili ni multimeta, ambayo karibu kila fundi wa redio na simu anayo. Mwisho mmoja wa kebo unaziunganisha nyaya mbili za jozi moja, mwisho wa pili unapima omu. Kwa kebo ya meta 50, umeme unasafiri meta 100 za waya kwenda na kurudi: shaba ya kipimo cha kawaida itatoa omu 8 mpaka 9, aluminiamu iliyopakwa itatoa 13 ao zaidi. Kabla ya hapo, gusanisha nyaya za multimeta yenyewe, uone zinasoma ngapi, kisha utoe hesabu hiyo.

Tofauti ya omu tano inaonekana ndogo, lakini si ndogo kwa kamera ao antena inayopokea umeme wake ndani ya kebo hiyo hiyo ya mtandao. Kanuni ya kwanza ya kazi hiyo, ya mwaka 2003, inaruhusu mpaka miliampere 350, mara 70 zaidi ya zile 5 za taa ya testeri. Hapo waya dhaifu na kichwa chenye mguso mbaya vinakula volti nyingi na kupata moto. Kamera ikiwasha taa zake za usiku inaomba umeme zaidi, haiupati, inazimika. Asubuhi inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Juu ya paa

Umeme huo ndani ya kebo ni hatari pia kwa testeri yenyewe. Vifaa vinavyofuata kanuni vinajaribu kwanza, kwa volti ndogo, kama upande wa pili kuna kifaa chenye ukinzani wa karibu omu 25,000, ndipo vinatoa umeme wa karibu volti 48. Lakini antena nyingi za kupokea intaneti juu ya mapaa zinatumia kifaa kidogo kinachosukuma volti 24 moja kwa moja kwenye nyaya za 4, 5, 7 na 8, bila kuuliza chochote. Fundi akichomeka testeri kwenye kebo hiyo bila kuzima kwanza, chipu na taa zake zinaweza kuungua. Zima, chomoa pande zote mbili, ndipo upime.

Paani ndipo pia taa ya G inapata maana. Kebo ya antena inapaswa kuwa na kinga ya chuma, na kinga hiyo inapaswa kushuka mpaka ardhini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa kutumia takwimu za setilaiti ya NASA uliweka eneo la Kabare, jimbo la Kivu ya Kusini, kuwa la kwanza Afrika na la pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya mimuliko 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Wakaaji wa huko hawakungojea setilaiti ili wajue hilo.

Lakini hapa pia lazima kujua mpaka wa kifaa. Taa ya G inasema kwamba kinga imeunganishwa kutoka kichwa kimoja mpaka kingine. Haisemi kama imefika ardhini. Tena, baada ya radi, testeri inaweza kuonyesha kebo nzima huku mlango wa swichi ao wa antena ukiwa umeungua. Kebo imepona, vifaa vimekufa.

Kabla ya kulipa

Ziko testeri zinazoona zaidi. Zile za bei ya kati zinatuma pigo fupi na kusikiliza mwangwi wake. Katika kebo, umeme unasafiri karibu meta 200,000,000 kwa sekunde, theluthi mbili za mwendo wa mwangaza. Mwangwi ukirudi baada ya nanosekunde 400, kosa liko meta 40. Zile za mafundi wa mashirika makubwa zinapima kelele kati ya jozi na kutoa cheti kwa kila kebo, lakini bei yake ni maelfu ya dola, na mafundi wengi wa mijini hawawezi kuzinunua.

Hata hivyo, mteja na fundi wanaweza kukubaliana juu ya majaribio yasiyogharimu kitu. Baada ya testeri ya taa, waangalie rangi kwenye kichwa kimoja kimoja. Wapime omu za jozi moja kwa multimeta. Wachomeke kompyuta na kusoma mwendo ambao yenyewe inautangaza: kama swichi na kompyuta ni za gigabiti na kompyuta inaonyesha megabiti 100, kuna waya ao jozi yenye shida. Wakunjekunje kebo polepole karibu na kichwa huku testeri ikiwa kwenye S. Taa ikicheza, kichwa kikatwe na kufungwa upya. Mwisho, wanakili faili kubwa, la gigabaiti moja ao mbili, kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya kebo hiyo, bila kutumia intaneti ya nje. Kazi hiyo ikikwama ao kwenda kwa kusitasita, kosa halitatupiwa tena kampuni ya intaneti.

Majaribio hayo yote yanachukua dakika chache kwa kila kebo. Ni vizuri yaandikwe kwenye karatasi ya makubaliano mbele ya kazi kuanza, pamoja na aina ya kebo itakayonunuliwa: shaba, si CCA. Fundi mwenye kujua kazi yake hatakataa, kwa sababu karatasi hiyo inamlinda yeye pia. Siku mteja atakapomwita akisema intaneti haipite, watakuwa na namba za kulinganisha, na hawatabishana tena juu ya taa.